Uso wa Gari Lililoishi

Bampa la gari lililotembea miaka ishirini halina tena umbo lililotoka nalo kiwandani. Limeguswa kwenye foleni ya Buguruni, limekwaruzwa na mkokoteni wa magunia Kariakoo, limepasuka kona moja likashonwa, limeanikwa juani mpaka plastiki yake ikalegea upande mmoja kuliko mwingine. Mpita njia huona bampa la Toyota. Fundi anayelipapasa kwa viganja huona bampa la gari hili moja, lenye mambo yaliyolikuta ambayo hayamo kwenye mchoro wa mhandisi yeyote. Nimekusudia kuandika juu ya kazi ndogo inayofanyika kila siku katika karakana za Gerezani, Dar es Salaam, kazi ya kufunga spoila ya mbele iliyotolewa kwenye gari jingine. Ndani ya kazi hiyo kuna elimu ambayo jiji hili linaitegemea sana na kuilipa kidogo.

Spoila ninayoisema ni kile kipande kirefu na chembamba kinachofungwa ukingoni mwa bampa kwa chini, kikaufanya uso wa gari uonekane umeshuka na kutulia. Ukitoka Mnazi Mmoja ukashika njia ya Gerezani, ukazunguka Lindi na Shauri Moyo, utazikuta zimening'inizwa pamoja na grili, saitimira na taa, huku boneti zimesimamishwa wima ukutani. Karibu zote zina mikwaruzo tumboni, alama za matuta ya nchi nyingine. Hazina boksi wala karatasi ya maelekezo. Muuzaji atakwambia hii ya gari gani na ile ya gari gani, na mara nyingi atakuwa sahihi. Ila ni nadra gari hilo kuwa ndilo ulilokuja nalo.

Njia iliyozifikisha hapa ni ndefu. Japani wana ukaguzi wa lazima ambao gari jipya huupitia baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama zake humfanya mwenye gari aone heri aliuze likiwa bado zima. Tangu Januari 2005 wanayo pia sheria ya kuchakata magari yaliyofika mwisho wa safari, inayomtaka mwenye gari alipie ada ya kulichakata. Kwa hiyo gari huvunjwa kwa utaratibu, na vipande vyenye soko ng'ambo hupakiwa kwenye makontena. Vingine huja moja kwa moja hadi bandari yetu, vingine hutua kwanza Sharjah, kwenye masoko ya spea yanayofahamika vizuri na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Mkondo huohuo ndio unaolisha masoko ya spea ya Grogan kule Nairobi na Kisekka kule Kampala. Na kwa kuwa Japani, kama sisi, wanaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wao uko kulia, taa, saitimira na bampa la kule vinaingia kwenye magari ya huku bila kugeuzwa.

Vinaingia, lakini si lazima vikae. Kati ya kuingia na kukaa ndipo anaposimama fundi.

Mpwa wangu ana Mark II, GX110, ile ambayo vijana wa mjini wanaiita Grande, yenye namba ya usajili ya herufi C. Toyota ilimaliza kuitengeneza mwaka 2004, ikaja Mark X badala yake. Spoila aliyoipenda ilitoka kwenye Crown Athlete ya toleo lililoanza mwishoni mwa 2003. Magari haya mawili yanakaribiana sana kwa sura, lakini Mark II ile ina upana wa milimita 1,760 na Crown ina 1,780. "Ni sentimita mbili tu, mjomba," aliniambia, akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kuliona gari lake likipendeza kichwani mwake. Nami nikaenda naye, kwa sababu nilitaka kuona mtu anazifanyaje sentimita mbili.

Fundi aliipokea spoila akaipindua. Hakuanza na sura yake ya mbele, alitaka kuona mgongo. Huko ndani viwanda huchapa alama ya aina ya plastiki, na mafundi wa bodi wanaisoma kabla ya kitu kingine chochote. Alama ilikuwa imefutika nusu, kwa hiyo alikwangua unyoya mdogo kwa kisu akautupa kwenye ndoo ya maji. Ukazama. Akakwangua mwingine kutoka upande wa ndani wa bampa la Mark II. Ukaelea. Mabampa mengi ya magari haya ni ya polipropilini, au PP, plastiki nyepesi kuliko maji. Spoila nyingi ni za ABS, ambayo ni nzito kidogo kuliko maji. Unga wa madini unaochanganywa ndani ukizidi, hata polipropilini huzama, ndiyo maana fundi mzuri hutaka ndoo na alama vikubaliane kabla hajaamini.

"Bosi, hii ABS, bampa lako PP," alimwambia mpwa wangu. "Hizi hazishikani. Mtu akikwambia atazibandika kwa gundi peke yake, usimwachie gari."

Alichokisema kina sababu ya kikemia. Polipropilini ina uso unaokataa kushikwa, gundi na rangi huteleza juu yake na kubanduka kama uso huo haukuandaliwa kwa dawa maalumu ya kuzishikisha. ABS inapokea rangi na gundi kwa urahisi, tena huyeyuka kwenye asetoni. ABS hulainika ikikaribia nyuzi joto 100, polipropilini huhitaji kufika takriban 160 ndipo iyeyuke. Vitu viwili vyenye rangi moja, unene mmoja na kazi moja, lakini tabia zao hazifanani hata kidogo. Anayetaka kuviweka pamoja kwa muda mrefu ni lazima ajue kwanza kila kimoja kinakataa nini.

Baada ya hapo ndipo spoila ilipopelekwa kwenye uso wa gari, ikashikizwa kwa utepe wa karatasi wanaoutumia mafundi rangi. Hapa ndipo penye kiini cha kazi, na ndipo fundi alipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, bila kukata kitu wala kutoboa tundu. Swali lake lilikuwa la kushangaza kwa urahisi wake: spoila ikae sawa na nini?

Ukipima kutoka chini, unahitaji ardhi iliyo sawa, na sakafu za Gerezani zina mafuta, zege lililobomoka na miteremko ya maji ya mvua. Hata ukiipata sakafu iliyonyooka, gari lenyewe limeinama. Springi ya mbele kushoto ilikuwa imechoka, kwa hiyo upande ule ulikuwa chini kidogo. Ukiifunga spoila kwa kufuata ardhi, siku springi itakapobadilishwa itaonekana imepinda. Ukipima kutoka kwenye taa, taa ya kulia ilikwishabadilishwa baada ya ajali ya zamani na haikurudi palepale pake. Ukipima kutoka ukingo wa bampa, bampa nalo lilikuwa limeshuka upande wa kulia kwa kuwa kishikio chake cha ndani kilikuwa kimepinda. Kila mahali ulipoegemeza rula palikuwa pameshasogea.

Mtu asiyejua kazi angechukua kipimo kimojawapo akakiamini. Fundi huyu alivichukua vyote, akaviandika kwa chaki kwenye sakafu, akaanza kuvipatanisha. Kwanza alifungua bampa akanyoosha kile kishikio, maana hiyo ilikuwa kasoro inayorekebishika. Springi aliitaja kwa mwenye gari kwa ajili ya siku za mbele, asiingize kasoro yake katika hesabu ya leo. Taa aliiacha. Kisha akachagua rejea ambayo hakuna kitabu kingemchagulia: mwanya kati ya bampa na spoila. Alisema mwanya ule ukiwa na upana mmoja kuanzia gurudumu la kushoto hadi la kulia, jicho litakubali, hata kama rula itabisha.

"Mzee, vuka barabara," aliniambia. "Simama pale kwa muuza kahawa, kisha uniambie jicho lako linakwama wapi."

Nikavuka. Linakwama kona ya kulia, nikamwambia niliporudi, ingawa sikuweza kueleza kwa nini. Hakuhitaji maelezo. Alisogeza kona ile juu kwa unene wa sarafu, akaniomba nivuke tena. Nimeona wasomi wakidharau kazi ya jicho kana kwamba ni kukisia. Nililoliona pale ni utaratibu kamili: mtu ameweka vipimo vyote mezani, amejua kipi kimeharibika na kwa nini, ndipo akaliita jicho la mtu wa nje lihukumu kile ambacho jicho la nje ndilo litakalokitazama kila siku. Gari haliangaliwi na rula, linaangaliwa na watu waliosimama kando ya barabara.

Zile sentimita mbili zilikuwa na njia mbili za kutoka. Unaweza kupunguza ncha zote mbili, sentimita moja kila upande. Ni kazi nyepesi, lakini ncha ndizo zinazokutana na uwazi wa magurudumu, zina mviringo uliofinyangwa, na ukizikata unabaki na kisiki. Unaweza pia kukata katikati, ukaondoa kipande cha upana huo, kisha ukaunga. Ncha zinabaki nzima, ila unajitwika kiungo mahali ambapo kila mtu hutazama kwanza. Fundi alikata katikati. Alisema kiungo kibaya kinaweza kurudiwa, lakini ncha iliyokatwa hairudi.

Kile kipande kilichotoka hakikutupwa. Alikisaga vipande vidogo, akavitia kwenye kopo lenye asetoni, na baada ya muda vikawa uji mzito mweusi. Uji huo ndio alioutia kwenye kiungo, baada ya kuziunganisha nusu mbili kwa solda na kuuzamisha wavu mwembamba wa chuma mgongoni ili kiungo kisivunjike. ABS iliungwa kwa ABS yake yenyewe. Kilichokuwa kimezidi ndicho kilichoshikisha.

Kupatanisha mviringo wa spoila na mviringo wa bampa kulifanyika kwa chaki na joto. Alipaka chaki ukingo wa bampa, akaikandamiza spoila, akaitoa. Palipochukua chaki ndipo palipogusa kabla ya wakati, akapapiga msasa kidogo, akarudia. Palipobaki na mwanya mkubwa alipapasha joto kwa hita ya mkono mpaka plastiki ikalegea, akaipinda kupita kiasi alichokitaka, akaishika hadi ikapoa. Alipinda kupita kiasi kwa kuwa plastiki hurudi nyuma kidogo ikipoa, na kiasi cha kurudi hakiandikwi popote, kinakaa kwenye vidole vya aliyepinda nyingi.

Alipofika kwenye kutoboa, nilidhani kazi imekwisha. Alitoboa tundu la katikati la duara, saizi ya skurubu. Matundu mengine yote aliyarefusha kwa kuchezesha drili kushoto na kulia, kila moja likawa na nafasi ya skurubu kusogea, kisha akaweka washa pana na ukanda mwembamba wa mpira kati ya vitu viwili. Plastiki hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma, na aina mbili za plastiki hazitanuki sawasawa. Kipande chenye urefu wa karibu mita mbili kinachotoka kwenye ubaridi wa alfajiri na kuingia jua la saa nane la Dar es Salaam, kikiwa juu ya lami iliyopata moto, hurefuka kwa milimita zinazoonekana kwa macho. Ukikibana kila mahali kitatafuta pa kwenda, na kwa kuwa hakina pa kwenda, kitabenuka au kitapasuka. Fundi alikibana mahali pamoja, kwingineko akakiachia.

Kulikuwa pia na sababu ya pili ya kukiachia. Spoila hii itakutana na matuta, na barabara zetu zina matuta yasiyo na alama. Skurubu za pembeni aliziweka nyembamba kwa makusudi, ili siku itakapogonga kwa nguvu, spoila ing'oke yenyewe na isiondoke na bampa. Alijua kazi yake itapigwa. Aliamua mapema itakavyoshindwa ili hasara iwe ndogo.

Ufungaji huu unaokiachia kitu kicheze una umri mkubwa pwani hii. Periplus ya Bahari ya Erithrea, maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza, inataja mashua zilizoshonwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Uzao wa mashua hizo ulidumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 katika mtepe, chombo cha Waswahili ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kikaenda kwa tanga la mkeka. Chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kinapogusa mchanga au mwamba, kikastahimili pale ambapo kilichopigiliwa kwa ukali kingepasuka. Kona ya bampa la mpwa wangu ilikuwa imeshonwa kwa waya miaka iliyopita, tundu kwa tundu, na mshono ule bado ulikuwa unacheza bila kukatika. Fundi hakuuondoa. Aliukagua, akauongezea vifundo viwili, akaufunika. Sina ushahidi kwamba mshonaji wa bampa alijifunza kwa mjenzi wa mtepe, wala sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba watu wa pwani hii, kwa kamba zamani na kwa waya leo, wamekuwa wakifikia uamuzi mmoja: kitu kitakachosafiri katika njia mbaya kifungwe kwa namna inayokiruhusu kucheza.

Mtepe ulichorwa macho kwenye omo. Nalikumbuka hilo kila ninapomsikia mtu akiuliza spoila ya mbele ina faida gani. Jibu la kiufundi ni fupi na la kweli. Spoila hupunguza hewa inayoingia chini ya gari, na hivyo hupunguza ile nguvu inayotaka kuinyanyua pua yake likiwa kasi. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndio ukomo wetu wa sehemu za makazi, ni robo tu ya ile ya kilomita 100. Kwenye foleni ya Uhuru na Msimbazi haipo kabisa. BMW ilipotoa 2002 turbo mwaka 1973, spoila yake ya mbele ilikuwa na kazi barabarani, lakini hata wao baadhi ya magari waliyaandika neno "turbo" kwenye spoila kwa herufi zilizogeuzwa, ili dereva wa mbele alisome kwenye kioo chake. Tangu mwanzo kipande hiki kilikuwa na maneno ya kumwambia anayetazama.

Basi faida yake Dar es Salaam ni uzuri, na ninasema hivyo bila kuona haya kwa niaba ya yeyote. Mtu anayenunua gari lililotumika ananunua kitu kilichochaguliwa na mwingine: rangi ya mwingine, kitambaa cha viti cha mwingine, uchakavu wa mwingine. Kulipatia gari hilo uso wake mwenyewe ni kulipokea nyumbani. Wenye majahazi walifanya hivyo kwa rangi na nakshi, wenye nyumba za Unguja kwa milango, wenye malori kwa maandishi ya nyuma ya bodi. Anayeyaita haya yote anasa anausahau ukweli kwamba watu wetu, hata wakiwa na kidogo, hawajawahi kukubali kuishi na vitu visivyokuwa na sura yao.

Uzuri huo una masharti. Fundi alipomaliza kupiga msasa aliurudia ukingo wa chini kwa kidole, kutoka ncha hadi ncha, akauviringisha kila palipobaki ukali, kwa sababu Kariakoo watu hupita mbele ya magari kwa ubavu, wabeba mizigo, mama na mtoto, na ukingo huo uko usawa wa miguu yao. Aliacha wazi njia ya hewa ya rejeta, kwani gari lililosimama kwenye joto letu linaihitaji kuliko linavyohitaji urembo. Na kabla hajashika kazi aliuliza spoila imenunuliwa wapi. Dar es Salaam wenye magari huchora namba zao za usajili kwenye saitimira, vioo na taa, kwa kuwa wengi wameamka na kukuta vimeng'olewa usiku. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na zaidi ya sheria, uso wa gari lako ukipambwa kwa kilio cha jirani hauwezi kuwa uso mzuri. Fundi anayeuliza swali hilo kabla ya kushika drili analinda heshima ya mtaa mzima.

Rangi ilikuja mwisho, nayo ikarudia somo lilelile kwa lugha nyingine. Kila Toyota ina kibati chenye namba ya rangi yake, na gari la mpwa wangu lilikuwa 040, nyeupe ambayo mafundi wanaijua kwa kichwa. Duka la rangi likachanganya 040 sawasawa na kitabu. Fundi alipaka tone moja kwenye kadi, akaliweka juu ya fenda juani. Kadi ilikuwa nyeupe ya maziwa, fenda imekwisha kugeuka kuelekea pembe ya ndovu. Namba ile ilieleza gari lilivyokuwa siku lilipozaliwa. Akaongeza manjano kidogo mno, kwa ncha ya kijiti, akakoroga, akapaka tone jingine, akalitazama juani na kivulini, mpaka kadi ikapotea juu ya fenda.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa uzito wote. Vipimo vya kiwandani ni vya kweli na vina thamani, navyo fundi huyu alivijua vyote: upana wa magari, aina za plastiki, namba ya rangi. Lakini alivichukua kama habari za zamani za mtu anayemfahamu, kisha akamtazama mtu huyo alivyo leo. Elimu ya kiwanda hutengeneza magari laki moja yanayofanana. Elimu ya Gerezani huanza siku magari hayo yanapoacha kufanana, na siku hiyo huja mapema. Nchi ambayo karibu kila kitu chake kimetumiwa kwanza mahali pengine inahitaji elimu hii ya pili kwa wingi kuliko nchi iliyozoea kutupa na kununua upya. Inahitajika kwenye mashine za hospitali, kwenye pampu za maji, kwenye vyerehani na kwenye injini za mashua.

Pamoja na hayo, mpwa wangu alilipia spoila dukani bila maneno mengi, na mvutano wote wa bei ukawa juu ya ufundi. Hakufanya jambo la ajabu, ndivyo sote tunavyofanya. Kifaa kinaonekana, kinashikika, kina jina la Kijapani mgongoni. Saa za mtu aliyechuchumaa mbele ya bampa akiwa na kipande cha chaki tunaziona kama nyongeza. Vijana wanaojifunza chini yake wanauona mvutano huo, nao wanapata fundisho baya: kwamba fedha iko kwenye kuuza na haiko kwenye kujua. Wengine wanahamia kwenye kuuza. Tukiendelea hivi tutabaki na maduka yaliyojaa spea na mtaa usio na mtu wa kuzikalisha.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na huo ni mlango mzuri. Ningependa mtihani wake kwa mafundi wa bodi uwe na swali moja la vitendo: mtahiniwa apewe bampa lililokwisha kushonwa na spoila isiyokuwa yake, gari lenye springi iliyochoka, na siku nzima. Aeleze alichopima, alichokikataa na kwa nini. Atakayefaulu apewe cheti kinachoheshimiwa benki na kwenye zabuni, kwa sababu ameonyesha jambo ambalo mashine ya kiwandani haiwezi kulifanya.

Na sisi wateja tuna la kufanya hata kabla ya cheti. Anayekwenda Gerezani kutafuta spoila aanze kwa fundi, amuonyeshe gari, wapatane bei ya kazi na ailipe kama ilivyo. Ndipo aende dukani na fedha iliyobaki, akapunguziwe huko. Bila saa za mtu huyo, alichonunua ni plastiki iliyokatwa kwa ajili ya gari la mtu mwingine.